Kufuli Si Dawa

Kila familia ya Garissa, Wajir au Mandera ina mtu mmoja Nairobi ambaye kazi yake, isiyo na mshahara, ni kuwatafutia wengine mahali. Mahali pa kulala shangazi aliyekuja kliniki. Chuo cha yule aliyekosa gredi ya chuo kikuu. Mtu wa kusukuma karatasi za pasipoti. Na siku hizi, mara nyingi kuliko zamani, simu inaingia baada ya Isha na adeer anaongea kwa sauti ya chini ili wa nyumbani wasisikie: huyu kijana ametushinda, hebu tutafutie mahali.

Sikiliza hilo neno. Mahali. Hakuna aliyesema daktari. Hakuna aliyesema tiba. Kijana ameshakuwa mzigo, na mzigo huulizwa utawekwa wapi.

Ninaandika haya kwa wewe unayepokea simu hiyo. Una miaka ishirini na kitu, una bando, vichochoro vya Eastleigh unavijua, na wazee wanakuamini kwa sababu umesoma au ulikaribia kusoma. Wao watalipa, kupitia qaaraan, kila mtu wa ukoo na chake. Lakini wewe ndiye utakayechagua. Na jina la kwanza utakalopewa, hata kabla hujamaliza kuuliza, ni dhaqan celis.

Kwa wasiokijua Kisomali: maana yake ni kumrudisha mtu kwenye utamaduni wake. Jina hilo lilienea na wazazi wa ughaibuni. Kijana wa London, Minneapolis au Oslo anaanza bangi au magenge, anaambiwa ayeeyo anaumwa, twende tukamsalimie. Akishuka ndege Nairobi, Mogadishu au Hargeisa pasipoti inachukuliwa, na safari ya wiki mbili inageuka kuwa mwaka. Leo wateja si wa ughaibuni peke yao. Wa Garissa nao wanapelekwa, kwa basi.

Hadithi wanazosimulia waliotoka zinafanana, na waandishi wa habari wamezikusanya kwa miaka. Chini ya paa moja: mvulana wa heroini, msichana aliyekataa mume, mgonjwa anayesikia sauti, na dogo ambaye kosa lake ni hereni. Wote wanapewa tiba ile ile: mlango uliofungwa, kuhifadhi Qur'ani, na fimbo kwa anayebisha. Simu hakuna. Tarehe ya kutoka anaijua anayelipa.

Vituo havifanani vyote, najua. Kuna masheikh wenye huruma ambao wamewatoa vijana barabarani bila kuwapiga hata kofi. Lakini msimamo wangu sitauzungusha: jengo ambalo mlango wake umefungwa kwa nje, na ndani hamna daktari, si rehabu. Ni jela ya kulipia, na sisi ndio tunaolipa.

Watu wa nje wakisikia haya husema tatizo letu ni ujinga. Si kweli. Nenda soko la mifugo Garissa uone mzee akinunua ngamia. Atamfungua mdomo ahesabu meno. Atamtembeza, atamgusa nundu, atauliza ametoka malisho gani na kwa nini anauzwa. Atamwita shahidi. Mzee huyo huyo atamkabidhi mwanawe wa kumzaa kwa mtu aliyempata kwenye simu, bila kuuliza jina la nesi. Akili ya kuuliza anayo. Kinachomziba mdomo ni ceeb, ile aibu yetu ambayo haiuliwi na chochote isipokuwa kuificha.

Ukitaka kuhakikisha, chunguza maswali ambayo familia huuliza. Ni mbali? Kuna mtu wetu pale atakayejua? Anaweza kutoroka? Atakaa muda gani? Hayo ni maswali ya mtu anayeficha kitu. Swali la mtu anayetafuta tiba ni lingine kabisa: atapona vipi, na nani anajua kazi hiyo?

Na aibu yetu ina ubaguzi, tusidanganyane. Garissa nzima inaishi kando ya miraa. Gari linatoka Nyambene kwa mwendo wa ajali, kwa sababu kathinoni, ile kemikali inayoleta handasi, huanza kupotea jani linaponyauka na baada ya siku mbili hivi unatafuna kuni. Mjini wanaoipokea ni akina mama. Hao ndio wenye meza, ndio wenye daftari la madeni, na wengi wao wamesomesha watoto kwa pesa hiyo. Siwalaumu, wengi wao hawakupewa kazi nyingine. Lakini angalia tunavyoizungumza. Uingereza ilipopiga marufuku miraa Juni 2014, kelele ilikuwa ya soko. Somalia ilipozuia mzigo wa Kenya tangu Machi 2020 hadi Julai 2022, kelele ilikuwa ya soko. Magavana wa Pwani walipoukataza muguka Mei 2024, siku chache baadaye Ikulu ikasema amri zao hazina nguvu, na kelele tena ikawa ya soko. Kijana anayetafuna hakutajwa, ila kama mteja.

Kwa hiyo mzee anayekaa majlis kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, pesa ya unga ikiishia shavuni, haitwi mraibu. Anaitwa mzee. Mwanawe anayefanya hayo hayo, kisha akaongeza tembe ili apate usingizi na dawa ya kikohozi yenye kodeini ili ashuke taratibu, naye haitwi mraibu mpaka siku atakapovua nguo sokoni au kumtishia mama yake kwa kisu. Hapo ndipo simu ya adeer inapigwa. Miaka mitano tumeangalia, halafu tunataka jibu kabla ya Ijumaa.

Sasa tuseme jambo la kitabibu, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Uraibu si kitu kimoja. Aliyekunywa pombe kila siku kwa miaka, au aliyemeza vidonge vya usingizi vya aina ya bugizi, ukimkatia ghafla anaweza kuanguka kifafa na kufa. Huyo anahitaji wodi, na dawa inayopunguzwa hatua kwa hatua. Wa heroini arosto itamtesa mno, lakini hatari yake kubwa huja baadaye: ukimfungia miezi sita mwili wake unasahau kipimo cha zamani, na siku ya kwanza atakaporudia kipimo kile kile kinaweza kumuua. Huyo kuna methadoni, inayotolewa Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2011, na Mathari tangu mwishoni mwa 2014, kisha ikafuata Pwani. Wa miraa hana tembe maalumu ya kumtibu. Atalala kama aliyekufa, ataota ndoto mbaya, atakosa raha ya kitu chochote kwa muda, na anahitaji mtu wa kuongea naye na wa kumchunga asijidhuru. Na yule ambaye miraa imemfikisha mahali anasikia sauti na kuona kila mtu anamfuata, huyo ni mgonjwa wa daktari wa akili, leo, si baada ya kumaliza juzuu tatu.

Watu wanne, tiba nne. Kituo kinachowapa wote jibu moja kimekwambia chenyewe kwamba hakijui wanaumwa nini.

Binamu yangu alikaa kwenye kituo cha namna hiyo Nairobi, miezi tisa. Sitakitaja jina. Qaaraan ilichangwa katika nchi nne, na pesa yangu ya muhula ilikuwa ndani, kwa hiyo naweza kusema ni mimi pia niliyelipa. Kila mwezi tulitumiwa picha: kanzu nyeupe, kofia, msahafu mkononi. Wazee walikuwa wanaipitisha ile picha kama cheti. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini kila picha ilikuwa ya kuanzia kiunoni kwenda juu. Alipotoka alikuwa na kovu linalozunguka kifundo cha mguu. Alikuwa amehifadhi sehemu nzuri tu ya Qur'ani, anaisoma kwa sauti inayokutoa machozi, na baada ya siku kumi na moja alirudi kwenye tembe. Alipoulizwa alijibu kitu kimoja: pale ndani hakuna aliyewahi kumuuliza alianzaje.

Aliachwa aanze safari yake upya, akiwa na kovu juu. Halafu ukoo ukasema ameshindikana. Hapana. Kilichoshindikana ni kitu tulichomnunulia.

Kuna jambo linalonikera zaidi ya pesa. Sisi, kati ya Wakenya wote, ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kukubali mtu afungiwe bila kosa na bila tarehe. Novemba 1980, Bulla Kartasi ilipochomwa, watu wa Garissa walikusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi wakawekwa pale. Februari 1984, wanaume wa Wajir waliwekwa uwanja wa ndege wa Wagalla siku kadhaa juani bila maji, na wengi hawakurudi. Aprili 2014, watu walizolewa kwa maelfu Eastleigh, wengi wao wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kila mara tulisema neno moja, na lilikuwa la haki: huwezi kumfungia mtu kwa sababu ya alivyo, bila hakimu, ukasema ni kwa manufaa ya wote. Watu wetu walikwenda mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano wakalisema.

Kisha mtaa ule ule uliozolewa kwenda Kasarani unakodisha ghorofa, unaweka grili madirishani, unawafungia watoto wetu humo kwa ada ya kila mwezi. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010, kile tunachokitaja polisi wakitusumbua kizuizini, hakisemi kuwa mtu anaweza kunyimwa uhuru kiholela ilimradi aliyelipa ni baba yake. Hakiruhusu kipigo kwa sababu kimetolewa na ustadhi badala ya askari. Haki haiishii mlangoni kwa adeer.

Najua litakalosemwa sasa: huyu ameacha dini, anatuletea mambo ya Wazungu. Basi tuzungumze dini. Kila mtoto wa madrasa amefundishwa kwamba hakuna ugonjwa ulioumbwa bila dawa yake, na kwamba kutafuta dawa ni wajibu. Amefundishwa pia amfunge ngamia kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Ngamia. Si mtoto.

Wala huku si kuusema Uislamu. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na moja ya sehemu ilizozieleza ni kanisa Kisumu. Kaduna, Nigeria, Septemba 2019, polisi waliingia kwenye jengo lililojiita shule ya dini na mahali pa kurekebisha tabia, wakakuta wanaume na wavulana zaidi ya 300, wengi wakiwa na minyororo. Baadhi walipelekwa pale na wazazi wao, kwa upendo, kwa ada. Mnyororo hauna dini. Unaazima tu kanzu ya yeyote atakayeupa.

Na kama unataka kuona imani ikifanya kazi vizuri, nenda Zanzibar. Kule kuna nyumba za upataji nafuu zilizoanzishwa na watu waliokuwa wenyewe waraibu wa heroini, kwenye mitaa ambayo hakuna anayeweza kuwafundisha Uislamu. Walichukua zile hatua 12 zilizotoka Marekani wakaziweka kwenye maisha yao, swala kwa wakati wake, kikao kwa wakati wake. Anayekuongoza ni mtu aliyepita ulipo. Anajua uongo wako kwa sababu aliutumia. Hiyo ndiyo nguvu yake, wala hahitaji fimbo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na silikimbii. Hooyo anasema: wewe huishi naye. Ameuza mitungi ya gesi, amewapiga dada zake, nalala na simu mkononi. Unataka nimsubiri aamke asubuhi moja aseme anataka tiba? Mama huyu ana haki ya kulala. Ana haki ya kumtoa mtu nyumbani anayempiga, hata kama ni mwanawe. Lakini kumtoa na kumtupa ni mambo mawili. Mgonjwa akifikia kuwa hatari kwake au kwa wengine, sheria yetu ya afya ya akili, iliyorekebishwa 2022, ina njia ya kumlaza bila ridhaa yake: kuna daktari wa kumpima, kuna karatasi, kuna kikomo, na kuna mahali pa kulalamika. Njia hiyo ni ya mateso kidogo, foleni zipo, karaha zipo. Lakini mwisho wake ni hospitali, na mtu anahesabika kuwa yuko ndani. Kwenye ghorofa ya Eastleigh akifa usiku, nani ana jina lake kwenye daftari?

Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwazuia waraibu kwa lazima vifungwe. Hawakuwa wanabembeleza waraibu. Nchi zilizojaribu kufuli zilijifunza jambo ambalo binamu yangu angewaambia bure: mtu akifungiwa anajifunza kukubali kila unachomwambia hadi siku ya kufunguliwa.

Sasa, kwa haki, upande wa pili pia unastahili kipigo chake. Kwa nini dhaqan celis ina wateja? Kwa sababu inaongea Kisomali. Chukua kijana wa Masalani au Modogashe, umpeleke kwenye rehabu ya leseni huko Kiambu. Vikao ni Kiingereza na Kiswahili cha haraka. Akiomba mahali pa kuswali anaonyeshwa stoo. Chakula anakitilia shaka. Siku ya wageni hakuna anayekuja, kwa kuwa Garissa ni karibu kilomita 370 na nauli ya watu watatu ni mbuzi. Wiki ya pili anaomba kuondoka, na sisi tunasema: unaona, hizi za kisasa hazifanyi kazi. Mshauri nasaha ambaye huwezi kumwambia ndoto yako kwa lugha uliyoiota hawezi kukusaidia, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.

Fungua orodha ya vituo vilivyoidhinishwa na NACADA. Hesabu vya Nairobi na Kiambu. Kisha tafuta vya kaunti zetu tatu. Hutahitaji kikokotoo. Utafiti wa NACADA wenyewe wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kilevi au dawa, watu zaidi ya milioni 4.7. Hao hawaishi wote Kiambu. Na afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Magavana wetu wamepata muda wa kutosha kujenga malango ya ofisi. Tunachodai si muujiza: wodi moja ya uraibu kwa kila kaunti, washauri wanaozungumza Kisomali, Kiborana na Kipokomo, na upande wa wanawake wenye mlango wake. Ndiyo, wanawake. Wapo wanaotafuna, wapo wanaomeza, na kwa sababu kwao ceeb ni mara mbili, wao hata kwenye simu ya adeer hawatajwi. Wanafichwa jikoni au wanaozwa haraka mbali.

Lakini wodi hiyo haipo leo, na simu itapigwa leo. Kwa hiyo chukua haya maswali, uyaulize kabla hata shilingi moja haijatumwa.

Uliza kama wana idhini ya NACADA, kisha usiridhike na picha ya cheti kwenye WhatsApp. NACADA ina namba ya bure, 1192. Piga, taja jina la kituo, uliza. Namba hiyo hiyo itakushauri pa kuanzia kama hujui kabisa.

Uliza nani anampima siku ya kwanza. Unataka jina na kazi: daktari, afisa wa kliniki, nesi. Ukijibiwa kwamba sheikh anatosha, basi huyo atosheke na kazi ya usheikh, ambayo ni kubwa.

Uliza watamfanya nini, kwa dawa anayoitumia yeye. Wataje heroini, au pombe, au tembe, au miraa. Jibu likiwa lile lile kwa zote, kata simu.

Uliza kama anaweza kukupigia, na kama unaweza kuongea naye bila mtu kusimama pembeni. Uliza siku za kumtembelea. Kisha nenda siku ambayo hukutaja. Omba kuona anapolala, si ofisi yenye zulia. Angalia mlango: kitasa kiko upande gani? Angalia miguu ya watu.

Uliza nini kitatokea akisema anataka kuondoka. Kituo cha kweli kina jibu lililoandikwa. Watakaa naye, watawaita nyinyi, atasaini. Kituo cha uongo kitacheka na kukwambia usijali, hawezi.

Na la mwisho, ambalo karibu kila familia hulisahau: uliza siku ya 91. Programu nyingi hapa Kenya ni miezi mitatu, na miezi mitatu ndiyo sehemu rahisi. Nani atamfuatilia baadaye, kwa simu, kwa kikundi, kwa miadi? Maana atarudi bulla ile ile, kwa marafiki wale wale, saa ile ile ambayo gari la miraa linaingia mjini. Watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia wakati fulani, viwango visivyo mbali na vya wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti. Hatujawahi kumfunga mnyororo ayeeyo kwa kula chumvi. Anayerudia anarudishwa kwa daktari. Ndivyo ugonjwa unavyotibiwa, mara ya pili na ya tatu, bila hotuba.

Halafu kuna swali ambalo hutamuuliza mwenye kituo. Utamuuliza adeer, na ndilo litakalokugharimu. Mwambie: akirudi, atafanya kazi gani? Nani ataacha kutafuna mbele yake? Yule wa dukani atampa tena nafasi ya kushika pesa? Wazee hawapendi swali hilo, kwa sababu linaileta rehabu sebuleni kwao. Utaambiwa umekuwa mkubwa siku hizi. Kubali uwe mkubwa. Ulipigiwa simu kama mtu mzima, huna haja ya kujibu kama mtoto.

Na kama yeye mwenyewe bado anaweza kuongea, basi kabla ya kuuliza yeyote kati ya hawa, muulize yeye. Nimeshangaa ni mara ngapi hatua hiyo inarukwa. Ukoo unakutana, ughaibuni unatuma, gari linakodiwa, uongo wa harusi ya Nairobi unatungwa ili apande basi bila kushuku, na mtu mwenyewe yuko chumba cha pili, macho mekundu, anasikia kila kitu. Ukimdanganya siku ya kwanza ya tiba umeshamfundisha kwamba tiba ni mtego. Kila daktari atakayefuata atalipa deni lako.

Maimamu wetu nao wanayo nafasi, na ni kubwa kuliko ya gavana. Khutba moja ya Ijumaa, msikiti mmoja Garissa, inayosema wazi kwamba mraibu ni mgonjwa, kwamba kumfunga mnyororo ni dhuluma, na kwamba pesa ya qaaraan isitumwe kwenye nyumba isiyo na daktari, ingefunga vituo vingi kuliko msako wa polisi. Mnaojua kuandika, waandikieni. Mnaokaa nao, waambieni.

Simu ikija, basi, usikimbilie jina la kwanza. Mwambie adeer akupe siku tatu. Mgonjwa akiwa katika hali mbaya usiku huo, apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti, casualty, kama mtu yeyote anayeumwa, na mtu wa familia alale naye. Tumia siku tatu hizo kuuliza. Na ukifika kwenye jengo, ukaambiwa subiri hapa nje, mlete tu kijana, sisi tutamwingiza, mshike mkono mrudi naye kwenye gari.

Qaaraan irudishwe kwa waliochanga, au ikae. Itahitajika mahali penye daktari.